Taasisi ya Rotary na Mkoa wa Kigoma: Mchango Unavyokusanywa, Ruzuku Inavyotolewa

Klabu ya huduma ni chama cha hiari kinachowakutanisha watu wa kazi na biashara mbalimbali, ambao hulipa ada, hukutana kwa ratiba maalumu, na hujitolea muda na mali zao kwa ajili ya jamii bila kutarajia faida. Kongwe kati ya klabu za namna hiyo, Rotary, ilianzishwa mjini Chicago mwaka 1905 na mwanasheria Paul Harris, na klabu yake ya kwanza jijini Dar es Salaam iliundwa mwaka 1949. Lions, iliyozaliwa katika mji huohuo wa Chicago mwaka 1917, ndiyo inayoifuata kwa kujulikana. Ada ya mwanachama hugharimia uendeshaji wa chama chenyewe, yaani ukumbi, ofisi, usajili na mikutano, lakini haitoshi kuchimba kisima wala kununua chanjo, na kisheria si vema fedha za chama zichanganywe na fedha za hisani. Kwa sababu hiyo vyama hivi viliunda taasisi zilizosimama pembeni mwao, kila moja ikiwa na wadhamini, hesabu na wakaguzi wake: Taasisi ya Rotary, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1917, na Taasisi ya Kimataifa ya Klabu za Lions, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mpango huo si mgeni kwa Watanzania, kwa kuwa misikiti, makanisa na vyama vingi nchini husajili bodi za wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na mali iliyotolewa kwa shughuli fulani huwa chini ya bodi hiyo, si chini ya mtu mmoja mmoja.

Makala haya yanaitazama zaidi Taasisi ya Rotary, na yanaitazama kutoka Mwandiga, mji mdogo wa Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma ulio kilomita chache kutoka Kigoma mjini, mahali barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu. Mahali hapo panafaa kwa uchunguzi wa jambo hili kwa sababu fedha za taasisi hiyo zina milango miwili ya kutokea, na watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wameufahamu mlango mmoja vizuri, hata kama hawakuwahi kusikia jina la anayeugharimia, ilhali mlango wa pili uko mbali nao kwa sababu isiyohusiana kabisa na ukubwa wa shida zao.

Wazo la kuwa na mfuko wa kudumu lilitolewa na Arch Klumph, rais wa Rotary wa wakati huo, katika mkutano mkuu uliofanyika Atlanta mwaka 1917, na mchango wa kwanza, dola 26 na senti 50 za Marekani, ulitoka kwa klabu ya Kansas City katika jimbo la Missouri mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi mfuko ulikua polepole mno. Jina la Taasisi ya Rotary lilipatikana mwaka 1928 pamoja na bodi ya wadhamini watano, na ruzuku ya kwanza, dola 500, ilitolewa mwaka 1930 kwa chama cha kimataifa cha watoto wenye ulemavu. Kilichoigeuza hali hiyo ni kifo cha Paul Harris, Januari 1947, kwani wanachama waliombwa wamkumbuke kwa kuchangia taasisi, na katika muda wa miezi 18 zilipatikana dola milioni 1.3, jambo ambalo halitamshangaza yeyote anayejua jinsi mchango wa msiba unavyotimia upesi kuliko mchango wa darasa. Mwaka huohuo wanafunzi 18 walipewa ufadhili wa masomo ya juu nje ya nchi zao, na ufadhili wa masomo umebaki kuwa sehemu ya kazi ya taasisi hadi sasa. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina kituo cha masomo ya amani kinachogharimiwa na taasisi hiyohiyo.

Siku hizi taasisi hukusanya zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka, na fedha hizo huingia katika mifuko yenye masharti tofauti. Mfuko wa mwaka hupokea michango inayokusudiwa kutumika; mfuko wa mtaji wa kudumu hupokea michango ambayo asili yake haiguswi, bali faida ya uwekezaji wake pekee ndiyo hutumika; na mfuko wa polio hupokea fedha ambazo hazina ruhusa ya kwenda kwingine. Watoaji wengi ni wanachama wenyewe, ambao wapo takriban milioni 1.2 duniani, na kila mmoja huhimizwa atoe chochote kila mwaka. Himizo hilo husindikizwa na heshima: tangu mwaka 1957 anayetoa dola 1,000, au anayetolewa kiasi hicho kwa jina lake, hupewa hadhi ya kuitwa mwenza wa Paul Harris pamoja na nishani ya kifuani, na juu yake zipo daraja nyingine hadi ile ya wanaotoa dola 250,000, inayoitwa kwa jina la Klumph. Mtu anayeamini kwamba mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia huenda asifurahishwe na nishani hizo, lakini wasimamizi wa mifuko ya hisani wanajua kwamba anayetajwa hadharani hurudi kutoa tena, na kwamba aliyekaa naye meza moja hutoa ili asibaki nyuma.

Sheria za kodi za nchi tajiri nazo husaidia. Nchini Marekani mchango kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa unaweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, faida ambayo mtu hapewi anapolipa kwa chama cha kawaida, na taasisi ilisajiliwa mwaka 1983 kama shirika lake lenyewe katika jimbo la Illinois. Nchini Uingereza serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni inayotolewa na mlipakodi. Ni vema kutochanganya michango hiyo na harambee ambazo klabu hufanya kwa miradi yake ya nyumbani, mfano wake ukiwa mbio za Rotary jijini Dar es Salaam, ambazo hufanyika Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, na ambazo mapato yake huelekezwa kwenye mradi uliotangazwa hapa nchini bila kupitia makao makuu ya taasisi.

Fedha za mfuko wa mwaka hazitumiki mara tu zinapopokewa. Kwa utaratibu uliozoeleka huwekezwa kwanza kwa muda wa miaka mitatu, na faida inayopatikana husaidia gharama za uendeshaji, kisha asilimia 5 ya mchango hutengwa kwa gharama hizo na kiasi kinachobaki hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza huingia katika mfuko wa dunia, ambao husimamiwa na wadhamini, na nusu ya pili hurejeshwa kwa ajili ya matumizi ya wilaya ulikotoka mchango. Neno wilaya hapa halina maana ya kiserikali: wilaya ya Rotary ni kundi la klabu za eneo kubwa lenye kiongozi aitwaye gavana, na linaweza kuvuka mipaka ya nchi, kama ilivyokuwa kwa Wilaya 9211 iliyoziweka pamoja klabu za Tanzania na Uganda baada ya kutengana na Kenya na Ethiopia. Mwanachama aliyetoa katika nusu ya pili ya mwaka 2022, kwa hiyo, alikuwa akiitengenezea wilaya yake bajeti ya mwaka wa Rotary wa 2025 hadi 2026, ambao huanza tarehe 1 Julai, na wilaya inajua miaka kadhaa kabla ni kiasi gani itakuwa nacho. Utaratibu huu ni wa busara, ila una tokeo moja lisilotajwa sana, nalo ni kwamba wilaya hurudishiwa kadiri ilivyotoa. Wilaya yenye wanachama matajiri hupata fungu nono, na wilaya za Afrika Mashariki hubaki na fungu dogo linalozilazimu kutafuta wenzi ng'ambo.

Fungu la wilaya hutumika kwa njia mbili kuu. Ruzuku ya wilaya hutolewa kwa miradi midogo na ya muda mfupi, kama madawati, vifaa vya zahanati au kambi ya macho, na wilaya yenyewe ndiyo huamua, ikiruhusiwa kutumia hadi nusu ya fungu lake. Ruzuku ya kimataifa ni jambo zito zaidi. Bajeti yake haipungui dola 30,000. Lazima mradi uwe na waombaji wawili, klabu au wilaya ya nchi ambako kazi itafanyika na klabu au wilaya ya nchi nyingine. Na lazima uingie katika mojawapo ya maeneo saba, ambayo ni amani, kuzuia na kutibu magonjwa, maji na usafi wa mazingira, afya ya mama na mtoto, elimu ya msingi na kisomo, uchumi wa jamii, na mazingira, eneo la mwisho likiwa limeongezwa hivi karibuni. Waombaji wanapoleta fungu la wilaya zao, mfuko wa dunia huongeza juu yake asilimia 80 kwa kanuni za miaka ya karibuni.

Hesabu yake huonekana wazi kwa mfano wa kubuni. Tuseme klabu moja ya Tanzania imekubali kusimamia mradi wa maji katika kijiji kilicho jirani na Mwandiga, na imepata mwenzi Ujerumani. Ikiwa wilaya hizo mbili zitatoa kwa pamoja dola 20,000 kutoka mafungu yao, mfuko wa dunia utaongeza dola 16,000, na klabu zikichanga taslimu dola 4,000 nyingine, ambazo haziongezewi kitu na hudai asilimia 5 ya ziada kwa ajili ya gharama za kuzishughulikia, mradi utakuwa na dola 40,000. Mkulima wa mawese aliyechangia nguvu zake kuchimba mtaro haonekani katika hesabu hiyo, ingawa bila yeye bomba halifiki.

Hesabu ni sehemu nyepesi. Kabla ya kuomba, klabu hutakiwa ipate sifa, maana yake viongozi wake wahudhurie mafunzo ya usimamizi wa ruzuku na watie saini mkataba unaoahidi, pamoja na mengine, kwamba fedha zitakaa katika akaunti ya benki yenye watia saini wawili walio wanachama, kwamba stakabadhi zitatunzwa kwa miaka isiyopungua mitano, na kwamba mwanachama mwenye maslahi katika mradi, kwa mfano anayeuza pampu, atalitangaza jambo hilo mapema. Kisha hufanywa tathmini ya mahitaji ya jamii, ambayo kwa lugha nyepesi ni kuwauliza wananchi wenyewe, kwa mikutano na kwa kaya, tatizo lao ni lipi na wao wataweka nini, kabla mgeni hajaamua kwamba wanataka kisima. Tathmini hiyo ilifanywa sharti kwa sababu vijiji vya Afrika vimejaa pampu zilizokufa, ambazo wafadhili wa aina mbalimbali walizizindua kwa utepe na kuondoka, na hakuna aliyejua spea zitapatikana wapi. Katika Tanzania ya sasa swali hilo lina mahali pa kuelekezwa: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ambao huvisimamia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na mradi ambao hautaandikwa kwa kushauriana na wakala huo utakuwa umejiondolea fundi wake wa kesho. Baada ya fedha kutolewa, ripoti ya maendeleo hutakiwa ndani ya miezi 12, na tena kila baada ya miezi 12 hadi kazi iishe, na klabu iliyochelewesha ripoti hainyimwi heshima tu bali hufungiwa ruzuku nyingine.

Mlango ambao Kigoma inaufahamu ni ule wa polio, nao haupitii klabu ya mtaani. Mwaka 1979 Rotary iligharimia chanjo ya polio kwa watoto wapatao milioni 6 wa Ufilipino, na mafanikio hayo yaliifanya mwaka 1985 iahidi kukusanya dola milioni 120 ili kila mtoto duniani achanjwe. Hadi mwaka 1988 zilikuwa zimepatikana dola milioni 247, zaidi ya maradufu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa viliungana na Rotary katika mpango wa kutokomeza polio, wakati ugonjwa huo ulikuwa ukipooza watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Leo Rotary imekwisha kuchangia zaidi ya dola bilioni 2.6. Sehemu ya fedha hizo imetokana na makubaliano na mfuko wa Bill Gates, ambao umekuwa ukiongeza dola mbili juu ya kila dola moja ya Rotary hadi kufikia kikomo cha dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Ruzuku za polio hupelekwa kwa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, nazo huzitumia kwa ufuatiliaji wa ugonjwa, usafiri wa wachanjaji, uhamasishaji na mengineyo, zikishirikiana na wizara ya afya ya nchi husika. Ndiyo maana mzazi anayemfungulia mlango mhudumu mwenye kisanduku cha baridi humwona mtumishi wa serikali, na ni haki amwone hivyo.

Umuhimu wa mlango huo ulionekana mwambao wa ziwa mwaka 2023. Tanzania ilikuwa haijapata mgonjwa wa polio ya asili tangu mwaka 1996, na Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi hivyo tarehe 25 Agosti 2020, lakini vipo virusi vya aina nyingine vinavyotokana na chanjo ya matone yenyewe. Chanjo hiyo ina virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo mtoto aliyechanjwa huvitoa kwa choo. Penye watoto wengi waliochanjwa vinakufa bila madhara, na penye watoto wengi wasiochanjwa vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu hadi vikarudisha nguvu ya kupooza. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa virusi hivyo baada ya kugunduliwa kwa mtoto wa miaka 4 ambaye hakuwa amechanjwa, katika wilaya ya Isale, upande wa magharibi, na virusi vya ukoo huohuo vilikuwa vikionekana mashariki mwa Kongo. Miezi michache baadaye Tanzania ilithibitisha mgonjwa katika mkoa wa Rukwa. Mtu aliyesimama njiapanda ya Mwandiga hahitaji ramani kuielewa hatari hiyo, kwani barabara ya Manyovu ndiyo njia ya Burundi, na boti za Ziwa Tanganyika haziachi kwenda na kurudi kati ya Kigoma na ng'ambo ya Kongo. Septemba 2023 kampeni ya nyumba kwa nyumba ilifanyika katika mikoa sita, Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya, kwa watoto wenye umri chini ya miaka 8, kwa kutumia chanjo mpya ambayo virusi vyake vimetengenezwa ili visirudi kirahisi kwenye ukali wake.

Ulinganisho wa milango hiyo miwili unaleta hoja ambayo waandishi wa vipeperushi vya hisani huipita upesi. Fedha za polio hufuata virusi vinapokwenda, na kwa hiyo humfikia mtoto wa kijiji cha mwisho kabisa. Ruzuku ya kimataifa hufuata klabu, na klabu hufuata benki, hoteli yenye ukumbi, mawakili, madaktari na wafanyabiashara wenye nafasi ya kukutana. Kijiji kisicho na klabu karibu, ambayo itabeba mzigo wa maombi, akaunti na ripoti, hakiwezi kuomba, kwa kuwa taasisi haipokei maombi ya mtu binafsi, ya serikali ya kijiji wala ya asasi ya kiraia. Asasi inaweza kuwa mshirika katika utekelezaji, lakini si mwombaji. Wapo wafadhili wa namna nyingine wasio na kizuizi hicho. Mkoa wa Kigoma wenyewe, kuanzia mwaka 2006, uliwahi kuwa na mradi mkubwa wa afya ya uzazi uliogharimiwa na mfuko wa tajiri wa New York, Michael Bloomberg, ambao uliwezesha vituo vya afya vya vijijini kufanya upasuaji wa uzazi na uliokabidhiwa serikalini mwaka 2019. Mfuko wa mtu mmoja huamua kwenda unakotaka, bila kusubiri gavana wala mwenzi wa Ujerumani. Hata hivyo uhuru huo una upande wake wa pili, kwa maana mwenye mfuko akibadili mawazo hakuna wa kumuuliza, ilhali mfuko wa wanachama milioni moja haubadiliki kwa siku moja. Katika mizani hiyo, kasoro ya Rotary inaelekea kuwa ndogo kuliko inavyoonekana, ila bado ni kasoro, na wanaoishi mbali na miji mikubwa ndio wanaoilipa.

Zipo njia zilizowekwa ili kuipunguza. Klabu mpya huhitaji wanachama waanzilishi 20, idadi ambayo si rahisi kupatikana katika mji mdogo, lakini klabu ya tawi chini ya klabu mama inaweza kuanza na watu 8. Rahisi zaidi kwa vijijini ni kikosi cha jamii cha Rotary, mpango ulioanzishwa mwaka 1986, ambamo wakazi wa mahali fulani, wasiopungua 10 na wasiolazimika kuwa wanachama wala kulipa ada ya Rotary, huungana chini ya ulezi wa klabu ili kutambua shida zao na kuzishughulikia. Kikosi cha namna hiyo kinaweza kufanya tathmini ya mahitaji, kusimamia mchango wa nguvu kazi, na kubaki na mradi baada ya wageni kuondoka. Maombi ya ruzuku, hata hivyo, yataandikwa kwa jina la klabu mlezi, na hundi zitatiwa saini na wanachama wake wawili.